Kirukanjia na Sakafu ya Msitu: Historia ya Misitu ya Tanganyika Ndani ya Mwili Mdogo

Misitu ya Gombe na Mahale imejulikana duniani kwa ajili ya sokwe, na ni haki ijulikane hivyo, kwa kuwa utafiti alioanzisha Jane Goodall huko Gombe mwezi Julai 1960, na ule alioanzisha Toshisada Nishida wa Chuo Kikuu cha Kyoto huko Mahale mwaka 1965, umebadili namna wanadamu wanavyowaelewa wanyama walio jamaa zao wa karibu. Hata hivyo, msitu haujengwi na viumbe wanaoonekana juu ya matawi peke yao. Chini kabisa, katika tabaka la majani makavu, vijiti vilivyooza na udongo mweusi, lipo taifa jingine la wanyama ambao mtu huwapita bila kuwaona, na miongoni mwao yumo kirukanjia, mnyama mdogo mwenye pua ndefu ambaye mara nyingi hudhaniwa kuwa panya. Mazungumzo haya yanamhusu yeye, na hoja yake ni kwamba mnyama huyu, kwa sababu ya udogo wake na ya kushindwa kwake kuishi mbali na unyevu, amehifadhi kumbukumbu ya misitu ya Afrika ya Mashariki na Kati kwa uaminifu unaozidi ule wa wanyama wakubwa, na kwamba anayetaka kujua thamani ya msitu uliobaki kando ya Ziwa Tanganyika hana budi kuitazama pia sakafu yake.

Kwanza ni vema ieleweke kirukanjia ni nani. Panya ni mnyama mgugunaji, yaani ana meno mawili makubwa ya mbele, juu na chini, yasiyokoma kukua, ambayo huyatumia kutafuna nafaka, mbegu, mihogo na hata mbao. Kirukanjia hana meno ya namna hiyo. Kinywa chake kimejaa meno madogo yenye ncha kali, yaliyoumbwa kwa ajili ya kukamata na kupasua wadudu, na meno yake ya mbele yamejitokeza kama koleo la kubania mawindo. Macho yake ni madogo mno, manyoya yake ni mafupi na laini, na pua yake ndefu yenye masharubu haitulii hata kidogo. Wataalamu wa uainishaji, yaani elimu ya kuwapanga viumbe kwa kufuata udugu wao, humweka katika familia iitwayo Soricidae, ambayo ina spishi zaidi ya 400 duniani, na jamaa zake wa karibu ni kalunguyeye pamoja na fuko wa Ulaya na Asia, wala si panya. Asichanganywe pia na sange, mnyama mwenye pua ndefu zaidi na miguu mirefu ya kurukia, kwa sababu uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba sange ni wa ukoo mmoja na tembo, pimbi na nguva, na kwamba kufanana kwake na kirukanjia kumetokana na kula vyakula vya aina moja, si na kuzaliwa katika ukoo mmoja.

Maisha ya kirukanjia yanatawaliwa na jambo moja, nalo ni udogo wa mwili wake. Mwili mdogo hupoteza joto upesi kuliko mwili mkubwa, kama vile kikombe cha chai kinavyopoa mapema kuliko birika, kwa kuwa eneo la ngozi yake ni kubwa likilinganishwa na ujazo wa ndani. Ili joto lisipungue, chakula lazima kichomwe mwilini kwa kasi, na ili kichomwe kwa kasi, moyo na mapafu lazima viende mbio. Kirukanjia mdogo kuliko wote, anayeishi kusini mwa Ulaya, kaskazini mwa Afrika na sehemu za Asia, ana uzito wa takriban gramu 2 tu, na moyo wake umepimwa ukipiga zaidi ya mara 1,000 kwa dakika. Virukanjia wa nchi za baridi hula kila siku chakula chenye uzito unaokaribia au hata kuzidi uzito wao wenyewe, na wakikosa chakula kwa saa chache hufa. Wale wa nchi za joto, ambao ndio wanaopatikana Tanzania, wana nafuu kiasi, kwa sababu miili yao haichomi chakula kwa kasi kubwa namna hiyo, na baadhi yao, chakula kinapopungua, huweza kuingia katika hali ya kuzubaa ambamo joto la mwili hushuka kwa muda na matumizi ya nguvu hupungua. Hata hivyo nao hawana mapumziko marefu, bali huwinda kwa vipindi vifupi usiku na mchana, wakila mende, panzi, mabuu, jongoo, buibui, minyoo ya ardhini na konokono wadogo.

Kwa kuwa macho hayamsaidii sana, kirukanjia huishi katika ulimwengu wa harufu, mguso na sauti. Masharubu yake humjulisha umbo la kila kitu kilicho mbele yake, na pua yake hutambua mdudu aliyejificha chini ya jani. Baadhi ya spishi hutoa milio myembamba na ya haraka, na majaribio yaliyofanywa Ulaya yameonyesha kwamba mwangwi wa milio hiyo huwasaidia kutambua mazingira yaliyo karibu nao, ingawa uwezo huo haukaribii ule wa popo. Ubavuni mwake kirukanjia ana tezi, yaani viungo vidogo vya kutolea majimaji, ambazo hutoa harufu kali ya miski inayotumika kuwasiliana na wenzake na kuwekeana mipaka. Harufu hiyo humkinga kwa kiasi, kwani paka na wanyama wengine walao nyama mara nyingi humwua kisha wakamwacha bila kumla, lakini haimkingi na bundi, ambaye humeza mawindo yake na baadaye kutema madonge ya mifupa na manyoya. Watafiti hukusanya madonge hayo chini ya vituo vya bundi na kuyachambua, na kwa njia hiyo hutambua spishi zinazoishi katika eneo fulani.

Uhai wa kirukanjia ni mfupi. Katika spishi nyingi za jenasi Crocidura, yaani kundi la virukanjia wenye meno meupe ambalo ndilo kubwa kuliko yote katika Afrika, mama hubeba mimba kwa muda wa takriban wiki 4 na kuzaa watoto wachache wasio na manyoya wala uwezo wa kuona. Watoto hao wakianza kutoka kiotani, na hasa wakisumbuliwa, mmoja hushika kwa meno manyoya yaliyo karibu na mkia wa mama yake, wa pili humshika wa kwanza, na wengine hufuata vivyo hivyo, hata familia nzima ikatembea katika msafara mmoja usiokatika. Meno ya utotoni huisha kabla mtoto hajazaliwa, hivyo seti anayoanza nayo maisha ndiyo atakayomaliza nayo, na kwa kuwa kila siku meno hayo husagwa na magamba ya wadudu na chembe za mchanga, mnyama anayefikia uzee huwa amebaki na meno yaliyolika hadi kwenye fizi. Wengi hawafiki huko, kwa kuwa mwaka mmoja na nusu ni umri mkubwa kwao.

Mahali panapofaa zaidi kwa maisha ya namna hiyo ni sakafu ya msitu wenye unyevu. Majani yanayoanguka hufanya tabaka ambalo juu ni kavu na chini ni mbichi, na ndani yake ukungu na vijidudu huyaozesha majani, wadudu wadogo hula ukungu huo, wadudu wakubwa hula wale wadogo, na kirukanjia hula karibu wote anaoweza kuwamudu. Wakaaji wa sakafu hiyo wamegawana kazi na nafasi. Virukanjia wa jenasi Myosorex, wenye mikia mifupi na kucha ndefu za mbele, huchimba katika mboji na udongo laini wa milimani, wale wa Crocidura hupita juu ya ardhi na chini ya magogo, na yuko mwingine mwembamba, anayepatikana katika sehemu nyingi za Afrika ya kitropiki, ambaye mkia wake ni mrefu kuliko kiwiliwili na ambaye hupanda vichaka na matawi ya chini kutafuta wadudu huko. Kwa mgawanyo huo spishi kadhaa huweza kuishi katika bonde moja bila kugombea chakula kilekile.

Wasikilizaji walio Mwanga, Ujiji au Kibirizi, huko Kigoma, wanaweza kusema kwamba wamewaona virukanjia nyumbani, si msituni, na hawakosei. Kirukanjia mkubwa wa Afrika, ambaye kitaalamu huitwa Crocidura olivieri na ambaye huweza kuzidi gramu 50, huishi kuanzia Misri hadi kusini mwa Afrika, akipenda maeneo yenye unyevu, mashamba na makazi ya watu, na Wamisri wa kale walizikausha maiti za virukanjia na kuzizika kwa heshima pamoja na wanyama wengine watakatifu. Katika pwani ya Bahari ya Hindi na Unguja yuko mwingine, Suncus murinus, aliyeletwa na vyombo vya biashara kutoka Asia na kuzoea kuishi bandarini. Spishi hizi chache zimejifunza kukaa na binadamu, na pale zilipo hula mende na wadudu wengine wa nyumbani. Lakini zisimfanye mtu adhani kwamba virukanjia wote wako hivyo, kwa sababu walio wengi katika misitu ya milimani huona vigumu kuvuka hata shamba la mahindi lenye jua kali.

Udhaifu huo ndio uliowafanya kuwa mashahidi wa historia. Katika mamilioni ya miaka iliyopita hali ya hewa ya Afrika imebadilika mara nyingi: zilipofika nyakati za mvua misitu ilienea mabondeni na kuunganika, na zilipofika nyakati za ukame ilirudi nyuma na kubaki juu ya milima inayopata mvua na ukungu, ikizungukwa na nyika. Tembo huvuka nyika, na ndege huiruka, lakini kirukanjia wa msituni hubaki mlimani pake, huzaliana na wenzake wa mlima huohuo, na baada ya vizazi vingi huwa tofauti na jamaa zake wa mlima wa jirani. Kwa hiyo kila mlima wenye msitu wa kale huweza kuwa na kirukanjia wake wa pekee.

Jambo hili limethibitishwa kwa uwazi mkubwa katika Milima ya Tao la Mashariki, ule mfululizo unaoanzia Taita nchini Kenya na kuishia Udzungwa. Milima ya Usambara ina Crocidura usambarae, aliyetambulishwa mwaka 1980, na Crocidura tansaniana, aliyetambulishwa mwaka 1986. Mwaka 2000 kirukanjia wa Udzungwa alipewa jina la Myosorex kihaulei kwa kumheshimu Philip Kihaule wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2015 spishi tatu zilitambulishwa kwa pamoja: Crocidura munissii, kwa heshima ya Maiko Munissi wa chuo hichohicho, na, nje ya tao hilo, Crocidura mdumai wa Ngorongoro, kwa heshima ya Simon Mduma wa Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania, na Crocidura newmarki wa Mlima Meru. Sehemu kubwa ya kazi hiyo iliongozwa na William Stanley wa Field Museum, jumba la makumbusho la Chicago, ambaye alishirikiana na wataalamu wa Kitanzania kwa zaidi ya miaka 20, hadi alipofariki Oktoba 2015 akiwa kazini nchini Ethiopia.

Njia waliyoitumia ilihitaji subira kuliko fedha. Ndoo 11 za plastiki zilifukiwa ardhini kwa mstari, kila moja ikiwa umbali wa mita 5 kutoka kwa nyingine, midomo yake ikilingana na uso wa ardhi, na ukuta mfupi wa karatasi ya plastiki ulisimamishwa kupita juu ya ndoo zote. Kirukanjia anayekutana na ukuta huo hauruki, bali huufuata akitafuta mwisho wake, na hatimaye hutumbukia ndooni. Mitego ya kawaida ya panya, inayotegwa kwa karanga na nazi, huwapata virukanjia wachache tu, na hiyo ndiyo sababu mojawapo iliyofanya wengi wao wakae karne nzima bila kutambuliwa.

Ugunduzi unaozungumza zaidi na watu wa Kigoma, hata hivyo, ulifanyika mbali nao. Mwaka 2005 kirukanjia kutoka Udzungwa alitambulishwa kwa jina la Congosorex phillipsorum, na wataalamu walistaajabu kwa kuwa jenasi hiyo ilikuwa imejulikana katika bonde la Kongo peke yake, zaidi ya kilomita 1,000 upande wa magharibi. Mnyama wa gramu chache asiyeweza kuvuka nyika hakusafiri umbali huo kwa miguu yake. Maelezo yanayokubalika ni kwamba zamani misitu ya Kongo na ile ya mashariki mwa Tanzania iliwahi kuunganika, kisha ukame ukaitenga, na mabaki ya jamii moja yakabaki pande mbili za bara. Kati ya pande hizo mbili ndipo lilipo Ziwa Tanganyika na nchi inayolizunguka, hivyo misitu ya mito na ya milima ya Kigoma imesimama mahali ambapo mashariki na magharibi ziliachana.

Majirani wa Kigoma wamekwisha kuonyesha utajiri ulio katika ukanda huu. Mwaka 2010 msitu mdogo wa Bururi nchini Burundi, takriban kilomita 100 kaskazini mwa mji wa Kigoma, ulitoa spishi mpya, Myosorex bururiensis, na katika kazi hiyohiyo akatambulishwa mwingine kutoka Kahuzi-Biega, mashariki mwa Kongo. Mwaka 2013 virukanjia wawili wapya walitambulishwa kutoka nyanda za juu za Misotshi-Kabogo, upande wa Kongo wa ziwa, ambako milima hutazamana na Mahale kuvuka maji. Ziwa lenyewe, lenye kina cha takriban mita 1,470 na umri wa mamilioni ya miaka, ni kizuizi ambacho hakuna kirukanjia aliyekivuka kwa kuogelea, na kwa sababu hiyo kila ufuko una historia yake. Mahale, ambako kilele cha Nkungwe hufikia mita 2,462, na mabonde ya Masito, Ntakata na Gombe, yanastahili kutazamwa kwa jicho hilohilo, ndoo kwa ndoo na bonde kwa bonde.

Katika misitu ya Kongo na Uganda yuko pia kirukanjia ambaye uti wake wa mgongo hauna mfano miongoni mwa mamalia wote. Jenasi yake ni Scutisorex, na pingili zake za kiunoni, yaani mifupa midogo inayounda sehemu ya chini ya mgongo, ni kumi au zaidi, ambapo mamalia wengi wana tano au sita tu, tena zimeshikamana kwa vijino vingi vya mfupa. Wamangbetu wa kaskazini-mashariki mwa Kongo waliwaonyesha wageni wa msafara wa kisayansi wa Kimarekani, mwanzoni mwa karne ya 20, kwamba mtu mzima huweza kusimama juu ya mnyama huyo na akashuka akimwacha hai. Mwaka 2013 spishi ya pili ya jenasi hiyo ilitambulishwa, yenye pingili nane, na watafiti wakatoa wazo kwamba mgongo huo humwezesha kujipenyeza kati ya shina la mchikichi na vikonyo vya makuti yaliyokauka, kisha kujikunja na kupanua mwanya ili apate mabuu yaliyojificha humo. Wakulima wa michikichi wa Kigoma, wanaojua wingi wa mabuu katika vikonyo hivyo, wanaweza kuelewa upesi faida ya nguvu hiyo kwa mnyama mwenye njaa ya kudumu.

Kinachotishia virukanjia wa msituni katika mwambao huu kinaonekana kwa macho. Moto unaowashwa kila kiangazi, kati ya Juni na Oktoba, kwa ajili ya kusafisha mashamba au kuchipusha nyasi, hauui miti mikubwa kwa mara moja, na kwa hiyo watu husema msitu haukudhurika. Lakini huteketeza tabaka la majani, na pamoja nalo wadudu, unyevu na maficho. Msitu unaochomwa kila mwaka husimama ukiwa hauna sakafu. Ukataji wa miti kwa mkaa na kwa mashamba ya mihogo katika miteremko mikali huongeza hasara, kwa kuwa mvua za Novemba hubeba udongo ulioachwa wazi na kuumwaga ziwani, ambako tope hufunika mawe ambayo samaki wadogo hutagia mayai na kujilisha. Vilima vilivyozunguka Gombe vilikuwa vimevuliwa miti kwa kiasi kikubwa kufikia miaka ya 1990, na mradi wa uhifadhi wa Tacare, ulioanzishwa Kigoma mwaka 1994, ulitokana na kutambua kwamba hifadhi ya kilomita za mraba 35 haiwezi kuishi peke yake katikati ya ardhi iliyochoka.

Kumtunza kirukanjia hakuhitaji uzio wala askari wengi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu zenye madhara ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa, na mita hizo 60 ndizo hasa zinazobeba msitu wa kando ya vijito, ambamo majani hubaki mabichi hata katikati ya kiangazi. Kijiji kinachotunza ukanda huo, kikakata njia za kuzuia moto kabla nyasi hazijakauka, kinalinda chanzo chake cha maji, samaki wake na sakafu ya msitu kwa wakati mmoja. Majumbani nako, anayemwona kirukanjia akipita kando ya ukuta afahamu kwamba hana haja na unga wala mbegu, na kwamba sumu ya panya huwaua wote wawili bila kubagua. Ila asimshike kwa mikono mitupu, kwani ana meno makali na, kama wanyama pori wengine, hubeba vimelea vyake, na watafiti wamekwisha kutambua virusi vya kundi la hanta katika virukanjia wa Kilimanjaro na Uluguru.

Kwa muda mrefu hadhi ya msitu imepimwa kwa wanyama wanaovuta watalii, na kipimo hicho kimeacha nje misitu mingi midogo isiyo na sokwe wala chui. Bururi na Kabogo zimeonyesha upungufu wa kipimo hicho, kwa sababu msitu mdogo juu ya mlima mmoja umeweza kuwa makao pekee duniani ya mnyama aliyeishi humo tangu kabla ya mji wowote wa mwambao huu kujengwa. Msitu wa namna hiyo ukifyekwa na kuchomwa, miti huweza kupandwa tena na wajukuu wakakaa kivulini, lakini kirukanjia wa mlima huo hapatikani katika kitalu chochote. Kwa hiyo uamuzi kuhusu kila bonde lenye miti lililobaki kati ya Gombe na Mahale ufanywe na watu wanaojua kwamba sehemu ya msitu isiyoweza kurudishwa ndiyo ile iliyo chini ya miguu yao.